Vifuko vya vunjajungu: shajara ya mradi wa majira ya baridi

Majani yanaanza kupukutika

Vunjajungu wakubwa wamebaki wachache. Majike waliokuwa na matumbo mazito mwishoni mwa kiangazi sasa wanatembea polepole, mabawa yamechakaa, na sakitu ya kwanza nzito, yaani umande ulioganda, itawamaliza. Hakuna namna ya kuwaokoa na wala hakuna haja, kwa sababu wamekwisha kutaga. Kilichobaki cha kizazi kizima kiko ndani ya vifuko vya mayai walivyoacha vimegandamana na matawi, mabua makavu na mawe. Mradi huu ni wa kuvifikisha vifuko hivyo hadi joto litakaporudi.

Naanza sasa kwa sababu ya mkasi na fyekeo kuliko kwa sababu ya baridi. Sehemu ya nyuma ya bustani hufyekwa kila mwaka mimea ikishakauka, na mabua yote huishia kwenye lundo la mboji au motoni. Ukifikiria ni vifuko vingapi vimeondoka kwa njia hiyo miaka yote, na kila kimoja kikiwa na mayai kwa makumi au kwa mamia, unaelewa kwa nini baadhi ya bustani hazina vunjajungu ingawa mazingira yanawafaa.

Kutafuta kunataka subira. Wakati mzuri ni jua likiwa chini, asubuhi au jioni, mwanga ukipita kwa ubavu na kutupa kivuli nyuma ya kila uvimbe. Nakagua bua kutoka chini kwenda juu, halafu nazunguka upande wa pili, maana kifuko mara nyingi hutazama upande mmoja tu. Majani yaliyobaki yananidanganya, hivyo sehemu nilizokwisha kukagua nitazirudia yakishadondoka yote.

Vilivyopatikana mpaka sasa nimevipa majina ya mahali vilipo, ili shajara isomeke kwa urahisi: kifuko cha bua, kifuko cha uzio, kifuko cha waridi, kifuko cha jiwe. Kila mahali nimefunga utepe mwekundu, si juu ya kifuko chenyewe bali kwenye shina karibu yake.

Kifuko cha bua, kwa karibu

Nimekaa nacho na kioo cha kukuzia. Kinatosha katikati ya kidole gumba na cha shahada, rangi ya majani makavu, na ukikigusa kwa ncha ya kucha unahisi ni kigumu kwa ndani na kinabonyea kidogo kwa nje. Sura yake ni ya povu la maziwa lililokaukia ukingoni mwa sufuria. Na kwa kweli ni povu: jike hutoa majimaji kutoka tezi maalumu tumboni, huku ncha ya tumbo ikiyachapa mpaka yajae hewa, na mayai huyapanga ndani yake safu kwa safu. Hufanya kazi hiyo kwa saa kadhaa, mara nyingi kichwa kikiwa chini, bila kugeuka kutazama anachokijenga. Povu likitoka huwa jeupe na laini, kisha hukauka na kuwa la kahawia.

Upande mmoja una ukanda ulio tofauti, kama wa vigamba vilivyolaliana. Hapo ndipo watoto watakapotokea. Vigamba hivyo vinafunguka kwa msukumo wa ndani na vinazuia kinachotaka kuingia kutoka nje. Ndiyo maana nimeandika kwa kila kifuko upande upi unatazama juu na ukanda wa kutokea umeelekea wapi. Kikihamishwa, kitarudishwa hivyo hivyo.

Jambo moja la kushika kabla ya lolote: kifuko hakibanduliwi. Mahali kilipogandamana na bua ndipo povu lilipo jembamba, na ukikivuta unabaki na mayai wazi. Ukitaka kukihamisha, kata bua.

Ni vunjajungu gani hasa?

Kabla ya kulinda lazima kujua unalinda nani. Hili naliandika kirefu kwa sababu naona watu wengi wenye nia njema wakiliruka.

Vifuko havifanani. Vunjajungu wa Ulaya, *Mantis religiosa*, hutengeneza kifuko cha mviringo uliorefuka, na hupenda mahali pa chini: shina la nyasi, jiwe, mguu wa uzio. Vunjajungu wa Carolina, *Stagmomantis carolina*, kifuko chake ni kirefu na kimelala bapa juu ya tawi, chenye mstari wa rangi hafifu katikati. Vunjajungu wa Kichina, *Tenodera sinensis*, huacha donge nene, karibu la duara, linaloonekana kuwa povu tupu kutoka kila upande. Ndani yake mayai yanaweza kuzidi 200. Kuna pia *Tenodera angustipennis* ambaye kifuko chake ni chembamba na kirefu.

Tofauti hiyo ina uzito wake. Nchini Marekani vunjajungu wa Kichina aliingia karibu na Philadelphia mnamo 1896, na yule wa Ulaya alionekana Rochester, New York, mwaka 1899. Wote wawili wamekwisha kuzoea huko. Yule wa Kichina ni mkubwa, anakula vipepeo, nyuki, na vunjajungu wenyeji walio wadogo kuliko yeye, na amewahi kuonekana akikamata hata ndege wadogo wanaofuata nekta. Vifuko vyake ndivyo vinavyouzwa sana kwa wakulima wa bustani. Upande wa pili, Ujerumani inamlinda *Mantis religiosa* kisheria kama mdudu wa porini, hivyo huko kukata tawi lenye kifuko na kwenda nalo nyumbani si jambo la kufanya ovyo. Mdudu yule yule ni mgeni katika nchi moja na ni wa kulindwa katika nchi nyingine.

Msimamo wangu katika mradi huu ni huu: nalinda vifuko vilivyotagwa hapa na vunjajungu wanaoishi hapa, sinunui vya kuleta, na sihamishi kifuko nje ya bustani kilimopatikana. Mtu akikuta kwake vifuko vya mgeni anayewamaliza wenyeji, sitamwambia avifunge wavu.

Na vunjajungu si dawa ya kuua wadudu waharibifu. Anakula kinachopita mbele yake, kiwe kidukari au nyuki. Namlinda kwa sababu ni sehemu ya bustani hii, na kwa sababu kumwona tunutu wake, yaani mtoto wake mchanga, akigeuza kichwa kukutazama ni kitu ninachokipenda.

Kabla ya kufyeka

Jirani anayetusaidia kufyeka alifika akiwa na fyekeo lake, akasimama mbele ya tepe.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hivi vitambaa vyekundu ni vya nini? Nimeviona mpaka kule kwenye uzio."

Nikamwonyesha kifuko cha bua. Alikiinamia muda mrefu, akasema amekwisha kuviona maisha yake yote akidhani ni utomvu uliokauka. Tumekubaliana kwamba penye utepe hafyeki kabisa, na pasipo na utepe anakata juu ya goti badala ya kukata karibu na ardhi. Akikata anaweka mabua upande mmoja yamesimama, hayaendi motoni mpaka niyapitie. Makubaliano haya yametuletea vifuko vingine ambavyo nisingeviona kamwe, vyote vikiwa katika sehemu iliyokuwa imesongamana.

Hivyo vya pili ndivyo vilivyohitaji kuhamishwa. Namna niliyoifuata ni hii. Nakata bua nikiacha kipande kirefu juu na chini ya kifuko, jumla kama sentimita 30. Nakifunga kwa kamba ya katani kwenye shina hai la kichaka, sehemu mbili, juu na chini, ili upepo usikipige. Kinakaa wima kama kilivyokuwa, ukanda wa kutokea ukiwa wazi, usiegemee shina wala fundo la kamba. Urefu kutoka ardhini ni kati ya goti na kiuno. Sikiweki chini hata kidogo. Kifuko kilicholala ardhini ni chakula cha panya, na kikipona panya kinakutana na chungu au kuvu wa majani yanayooza.

Kuhusu mahali, nimechagua upande unaopata jua la asubuhi na kukwepa ukuta unaotazama jua la mchana. Ukuta wa namna hiyo unahifadhi joto, na joto la katikati ya baridi ndilo ninaloliogopa. Nitalieleza likifika.

Wavu

Si kila kifuko kinahitaji wavu. Kifuko cha jiwe kiko ndani ya ufa, ndege hawezi kuingiza mdomo, nimekiacha. Kifuko cha waridi kimezungukwa na miiba, nacho nimekiacha. Kifuko cha bua na kile cha uzio viko wazi kabisa, pamoja na hivi vilivyohamishwa.

Nimetumia wavu wa waya wenye matundu ya milimita 6, nikaukunja kuwa mcheduara, yaani umbo la bomba, nikaufunga juu na chini kwenye shina. Ukubwa wa matundu ni suala la kufikiria vizuri. Wavu wa mbu ungemzuia kila mdudu, lakini ungewazuia pia tunutu kutoka, na tunutu waliofungiwa pamoja bila chakula wanaanza kulana. Waya wa kuku nao una matundu makubwa mno, ndege mdogo anapita. Tunutu anayetoka kwenye kifuko ana urefu wa takriban sentimita 1 lakini ni mwembamba, hivyo milimita 6 zinamtosha kupita bila shida.

Jambo la pili ni nafasi. Wavu ukilala juu ya kifuko hausaidii, maana mdomo wa ndege unapenya tunduni na kufika. Nimeacha nafasi ya kutosha pande zote, zaidi ya urefu wa mdomo wa kigong'ota. Kingo za waya zilizokatwa nimezikunja kwa nje.

Theluji ya kwanza

Vifuko vyote vipo. Kifuko cha jiwe kimefunikwa kabisa, na hilo ni jema kwake: chini ya theluji nzito baridi haishuki kama inavyoshuka hewani, na upepo mkavu haufiki. Sijakisafisha wala sitakisafisha.

Baridi kali

Kipimajoto kimeshuka chini sana usiku huu na kimebaki hapo mchana kutwa. Swali la kila anayepita ni moja: je, mayai hayagandi?

Watu hudhani povu ndilo blanketi linalotunza joto ndani. Povu husaidia, lakini si kwa namna hiyo. Yai halitengenezi joto la kutunzwa. Kitu kidogo namna ile kikikaa nje usiku kucha kinafikia baridi ya hewa inayokizunguka, kiwe na povu au kisiwe nalo. Kazi ya povu ni kupunguza kasi ya mabadiliko, kuzuia maji yasiguse mayai, kupunguza ukavu na kuwachelewesha wanaotaka kula. Dhidi ya baridi yenyewe mayai yana njia yao: majimaji yaliyo ndani yake yanaweza kupoa chini ya sifuri bila kugeuka barafu. Chembe za barafu ndizo zinazopasua seli, na mradi hazianzi kuundwa, yai linabaki hai. Uwezo huo una mpaka, na mpaka unatofautiana kwa spishi, ndiyo maana vunjajungu hawapo kila mahali duniani penye nyasi na wadudu.

Kwa hiyo kifuko cha vunjajungu wa mahali husika, kikiwa mahali alipokiweka mama yake, hakihitaji kufunikwa kwa blanketi, nailoni au majani. Nailoni ni mbaya kabisa: inakusanya unyevu usiku na joto mchana. Nimeiondoa moja iliyokuwa imefungwa na mtu aliyetaka kusaidia, na nikamshukuru kwa nia yake, kwa kuwa aliyetaka kukipasha joto kifuko ni mtu aliyekijali.

Kilichovunjika bua

Upepo umelivunja bua moja kati ya yale yaliyohamishwa, chini ya fundo la kamba. Kifuko kizima, lakini kimelala kwenye theluji iliyoyeyuka na kimelowa. Nimekikausha kivulini, na kwa sababu kichaka chote cha upande huo kinatikisika vibaya nimeamua kukiweka kwenye friji mpaka machipuko.

Friji ni njia ya pili kwa ubora. Naitumia kwa kifuko kisicho na mahali salama nje. Joto ni karibu nyuzi 4 za Selsiasi, kwenye rafu, mbali na sehemu ya kugandisha. Kiko ndani ya kopo la plastiki lenye vitundu vidogo kwenye kifuniko. Tatizo la friji ni ukavu, kwa kuwa hewa yake hunyonya maji na mayai yanaweza kunyauka yakiwa hayajafa kwa baridi. Nimeweka kipande cha karatasi laini chenye unyevu kwenye kona ya kopo, kisiguse kifuko. Karatasi naibadilisha, na kila mara natazama kama kuna kuvu. Povu likionyesha madoa ya unyoya mweupe au wa kijani, karatasi inatoka na kopo linaachwa wazi kidogo mpaka likauke.

Kopo lina maandishi makubwa juu yake. Friji ni ya watu wote wa nyumba.

Joto la ghafla

Hii ndiyo wiki niliyokuwa nikiihofia. Jua limewaka siku kadhaa mfululizo, theluji imeondoka, nzi wameamka kwenye kuta. Miti bado imelala.

Mayai ya spishi nyingine hulala usingizi wa kweli, hayaendelei kukua mpaka yapite kwanza kipindi cha baridi. Mengine hayana usingizi huo: yanangoja joto tu, na kila siku ya joto inahesabiwa kuelekea kuanguliwa, iwe imekuja kwa wakati wake au la. Siku chache za joto nje hazitoshi kuyakamilisha, kwa kuwa usiku bado ni wa baridi na hesabu inakwenda polepole. Kinachoyakamilisha ni joto la ndani ya nyumba. Kifuko kilichowekwa kabatini, au kilichoingia bila kujulikana juu ya tawi la msonobari lililokatwa kwa ajili ya pambo, huanguliwa baada ya wiki chache tu, katikati ya baridi. Mamia ya tunutu wanatapakaa kwenye mapazia, nje hakuna hata kidukari kimoja cha kuwalisha, na ndani wanakula wenzao mpaka wanaisha.

Mtu akiniuliza ushauri mmoja tu, nitamwambia asikiingize kifuko ndani ya nyumba. Nimepata ujumbe wa watu waliovikata kwa huruma, wakaviweka juu ya dirisha penye joto ili "visiteseke". Huruma hiyo naielewa vizuri sana. Lakini baridi inavihifadhi, na joto la sebuleni linaviua.

Leo nimefanya jambo dogo: nimekiwekea kivuli kifuko cha uzio kwa kipande cha ubao upande wa jua la mchana, kwa kuwa mbao za uzio zilikuwa za moto kwa kiganja. Ubao utaondolewa machipuko yakianza.

Kigong'ota

Kifuko cha waridi kimeliwa. Miiba haikusaidia. Upande wa juu umetobolewa shimo refu, povu limepasuliwa nyuzi nyuzi, na safu za mayai zilizokuwa ndani zimebaki vyumba vitupu. Kazi ya namna hii ni ya mdomo wenye nguvu, wa kigong'ota, ingawa ndege wadogo nao hudonoa. Ndege anahitaji kuishi baridi hii kama wengine, na simlaumu. Robo ya chini ya kifuko bado haijaguswa, na mayai ya humo yana ukuta wake, kwa hiyo sikikati. Nimekizungushia wavu kilichobaki.

Chini ya wavu wa kifuko cha bua nimeona vinyesi vya panya. Nimepaka mafuta mazito ya mgando kwenye shina, chini kabisa karibu na ardhi, ukanda mwembamba. Yatasaidia pia dhidi ya chungu baadaye. Hayapakwi karibu na kifuko, kwa sababu tunutu wanaoshuka watanasa.

Machipuko yanaanza: nyigu

Kifuko cha uzio kina vitundu. Vidogo, vya duara kamili, upana wa milimita 1 hivi, vimetawanyika ubavuni badala ya kwenye ukanda wa kutokea. Vunjajungu haachi vitundu vya duara. Anasukuma vigamba na kupita, na baadaye vigamba vinalala tena. Hivi ni vya nyigu vimelea.

Nimeshinda navyo asubuhi nzima na kuwaona wawili wakitoka. Ni wadogo mno, wa kijani kinachong'aa kama chuma, miguu ya nyuma ina mapaja yaliyovimba, na jike ana mkia mrefu mwembamba wa kutagia ulio sawa na mwili wake au kuuzidi. Hawa ni wa jenasi *Podagrion*. Mkia ule hupenya povu lililokwisha kukauka na kuweka yai la nyigu ndani ya yai la vunjajungu. Funza wa nyigu hula yai hilo na kupitisha baridi akiwa amelindwa na povu lile lile.

Wapo wengine wenye njia ya ajabu zaidi. Nyigu wa jenasi *Mantibaria* hupanda juu ya mwili wa vunjajungu jike, huvunja mabawa yake mwenyewe, na kusafiri naye mpaka siku ya kutaga. Povu likiwa bado laini anashuka na kuweka mayai yake humo. Wavu wowote unaowekwa baada ya hapo umechelewa.

Nimeulizwa kama niwaue. Hapana. Nyigu hawa hawazaliani popote pengine ila ndani ya vifuko vya vunjajungu, na palipo na wao ni palipo na vunjajungu wa kutosha kuwalisha. Pia hawamalizi mayai yote: wanafika yale yaliyo karibu na ubavu, ya katikati mara nyingi yanapona. Kifuko chenye vitundu kinaweza bado kuanguliwa, kwa hiyo kisitupwe. Kuna pia mbawakawa wadogo wa jenasi *Thaumaglossa* ambao funza wao hula ndani ya vifuko, lakini dalili zao sijaziona hapa.

Kutoa kifuko kwenye friji

Majani ya vichaka yamefunguka na vidukari wameonekana kwenye vichipukizi. Hiyo ndiyo alama niliyoingojea, naiamini kuliko tarehe ya kalenda. Kifuko kimetoka kwenye friji kikiwa kigumu, bila kuvu. Nimekifunga nje, ndani ya wavu wa waya, bua likiwa wima na ukanda ukitazama upande ule ule ulioandikwa mwanzoni. Kinaanza nyuma ya wenzake, kwa hiyo nakitarajia mwisho.

Kuanguliwa

Kifuko cha bua kimefunguka asubuhi hii, jua lilipokifikia.

Kwanza kulikuwa na nukta za njano kwenye ukanda, kati ya kigamba na kigamba. Kila nukta ilikuwa paji la uso. Zikarefuka, zikawa viumbe visivyo na miguu inayoonekana, vimefungwa katika ngozi nyembamba, vikijinyonganyonga kutoka. Vilianguka na kuning'inia kwa nyuzi nyembamba, kimoja juu ya kingine, mpaka likawa fungu zima linaloning'inia chini ya kifuko. Hapo hapo, wakiwa hewani, walivua ngozi ile ya kwanza. Miguu ikafunguka, na macho meusi yakaonekana. Walianza kupanda juu ya migongo ya wenzao kuelekea kwenye bua. Rangi iliendelea kukolea kadiri walivyokauka, kutoka njano hafifu kwenda kahawia.

Jambo zima lilichukua muda mfupi kuliko nilivyodhani. Walipokauka walipita kwenye matundu ya waya bila kusita na kutawanyika, kila mmoja upande wake. Sikuwashika. Kifuko kilichoachwa kinaonekana karibu kilivyokuwa, isipokuwa vinyuzi na ngozi tupu vinavyotikisika kwenye ukanda. Asiyejua angesema bado hakijafunguka.

Wengi wao hawatafika ukubwani. Buibui, chungu, ndege na tunutu wenzao watawapunguza mpaka wabaki wachache mno, na ndivyo ilivyo hata pasipo na mtu wa kuwaangalia. Kusaidia kwangu sasa ni kutopiga dawa ya wadudu popote kwenye bustani, na kuacha nyasi ndefu chini ya vichaka ili wapate pa kujificha na vidudu vidogo vya kuanzia.

Baada ya hapo

Kifuko cha jiwe kimeanguliwa bila mtu kuona. Ngozi tupu zipo. Kile cha uzio, pamoja na vitundu vyake vyote, kimetoa tunutu wachache. Robo iliyobaki ya kifuko cha waridi imetoa tunutu pia, jambo ambalo limenifurahisha kuliko yote. Kile cha friji bado, na sina wasiwasi nacho: ubavu wake haujaonyesha vitundu, povu ni gumu, na usiku bado una ubaridi.

Nyavu nimezitoa pale palipoanguliwa na kuzisafisha. Vifuko vitupu naviacha vikae, lakini kila kimoja nimekitia nukta ya rangi nyeupe ubavuni, kwa sababu povu linadumu na kifuko cha mwaka huu kinaweza kutazamwa kama kipya majani yatakapopukutika tena. Jirani ameomba apewe tepe zake mwenyewe za kufunga upande wake wa uzio. Nimempa rangi ya bluu, ili tukikagua pamoja tujue kipi alikiona yeye na kipi nilikiona mimi.